Radhi za Mwenye Kusahau

Kingsview Village, Toronto
12 Februari 2023

Kwa Mjomba Hussainali,

Shikamoo Mjomba. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako, miwani puani, na hujagombana na mtu tangu asubuhi. Sisi huku wazima. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Juzi Kimani alirudi kazini ndevu zimeganda, Nyambura akamkimbia baba yake mwenyewe. Ametimiza miaka minne huyo. Kiswahili anakisikia chote, hata ukimsengenya anajua, lakini ukimuuliza kitu anakujibu kwa Kiingereza. Nikamwambia, babu yako wa Tanga angekuchapa rula. Akaniuliza Rula ni nani.

Ndege bado zinatupitia juu ya paa na vyombo vinatetemeka kabatini. Tumezoea.

Sasa nimekuja kwako na swali kama zamani. Simu huisikii, ujumbe wa simu unauita takataka, na nyumbani kwetu sauti yangu imepigwa marufuku, kwa hiyo nakuandikia kwa sanduku lako la posta kama mtu anayeficha mchumba. Unajua nafanya ukalimani hospitalini. Mwezi wa tano nina mtihani wa cheti. Wiki iliyopita niliitwa kwa bibi mmoja wa Kigoma. Alipewa dawa ya kumtuliza, badala ya kutulia akawa anapanda kitanda na kuwatukana wauguzi. Daktari akamweleza mume wake, akatumia neno hili la Kiingereza: paradoxically. Yaani dawa imefanya kinyume cha kazi yake, na jambo hilo linajulikana, si kosa la mtu. Mimi nikatafsiri, "Ajabu ni kwamba dawa imemchachawiza." Mzee akaniuliza, "Ajabu ya Mungu au ajabu ya hospitali?"

Mkalimani haruhusiwi kuongeza lake. Yule mzee ametoka pale anaamini mke wake karogwa. Naona aibu mpaka leo. Nipe neno, Mjomba. Moja tu, la kueleweka.

Mama hajambo? Usimwambie nimeuliza.

Mpwa wako,
Zahraa


Tanga
19 Machi 2023

Mwanangu Zahraa,

Marahaba. Barua imefika, nashukuru. Kwanza mwambie mjukuu wangu sijawahi kumchapa mtu rula. Nilikuwa natumia kifutio cha ubao. Hapa tuko salama. Joto ni lilelile, umeme unakatika wakati wa kupika, na mji mzima unahangaika na tende maana Ramadhani imefika mlangoni. Mwanaidi, yule mama anayetusaidia nyumbani, anakusalimu sana.

Twende kwenye somo. Neno moja halipo, na nakukataza kwenda kuliunda. Nimewahi kumsikia mtangazaji mmoja akisema "kwa kujipinga". Mwambie mgonjwa "kwa kujipinga, dawa imekuchachawiza", atadhani dawa ina ugomvi na dawa. Hiyo "ajabu" yako ni pana mno. Mbuzi akizaa watoto wanne ni ajabu, lakini hapo hakuna kinachokataana na kingine. "Kinyume chake" inataka upande mmoja usimame na mwingine uanguke. "Kumbe" ni ya mtu aliyegundua jambo alipokwisha kuchelewa. Unalolitafuta wewe ni hali ambayo mambo mawili ukiyasikia yanagombana, ukiyachunguza yote ni kweli, tena moja ndilo limezaa la pili. Kiswahili hakikupi kielezi cha kubeba mzigo huo peke yake. Kinaubebesha sentensi nzima. Ungemwambia mzee wa watu: "Dawa ileile waliyompa atulie, ndiyo iliyomchachawiza, huwatokea baadhi ya watu." Basi. Ukishindwa kabisa, anza na "jambo la kushangaza, lakini ni kweli", na hiyo "lakini ni kweli" usithubutu kuiacha, maana ndiyo yenye kazi. Wazee hawakuhitaji kielezi waliposema kupotea njia ndiko kujua njia.

Fanya mazoezi. Anayejitia haraka ndiye anayechelewa. Tangu masikio yangu yafe ndipo watu walipoanza kuniambia siri zao. Tangu alipoanza kusahau ndipo alipoanza kusamehe. Mwenye nyumba kubwa ndiye anayelala sebuleni. Tunga zako kumi unitumie, na mwandiko uwe wa mtu mzima.

Mama yako yupo.

Ni mimi mjomba wako,
Hussainali


Toronto
23 Aprili 2023

Mjomba,

Shikamoo, na Idd njema kwenu nyote. Sisi tumesali North York, jumba limefurika hadi viatu vikapotea. Kimani amerudi na viatu vya mtu vinavyombana, anasema ni sadaka. Nyambura amekula vitumbua mpaka akalala sakafuni.

Mazoezi sijafanya. Barua yako niliisoma ndani ya basi, nilipofika kwenye ule mfano wa tatu nikapitiliza kituo changu. Nani huyo aliyeanza kusahau, Mjomba? Ule ni mfano au ni habari? Na "mama yako yupo" ni jibu gani? Hata jiwe lipo.

Unajua kuliko mtu yeyote ninachongoja. Baba alikuwa hajamaliza mwezi kaburini, Mama yumo edani, haruhusiwi kutoka wala kusafiri. Akaniomba nisubiri tu atoke eda aje huku aniozeshe kwa mkono wake. Nilikuwa na haraka zangu, karatasi za Kimani za kuishi huku zinaisha, sikusubiri. Nikafunga ndoa na mama yangu amefungiwa ndani amevaa nyeupe. Maneno yake unayakumbuka: "Radhi zangu huzipati, na sauti yako nisiisikie humu ndani." Miaka sita sasa. Nyambura akipata homa kidogo naamka kumshika paji la uso, nasema hii ni kwa sababu mama yake hana radhi. Kimani ananicheka. Na mimi najicheka, halafu naamka tena.

Kwa hiyo usinifiche kwa mifano. Anaumwa?

Zahraa


Tanga
11 Juni 2023

Mwanangu,

Salaam nyingi. Mvua zimekwisha, machungwa yamejaa sokoni, na mimi goti la kushoto limegoma. Mengine heri.

Ndiyo, ni mama yako. Mwaka wa pili huu. Nilitaka kukuandikia mara nyingi, kalamu ikawa nzito, mwisho habari nikaificha ndani ya mazoezi. Upuuzi wa mwalimu mzee, unisamehe. Mwili wake mzima, anakula, anasali, rakaa zinamzidi au zinampungua. Ila siku zimemchanganyikia. Anatia sukari kwenye kachori. Jioni anamwambia Mwanaidi aongeze sahani, eti baba yako Sikander anarudi kutoka dukani. Tumeacha kumbishia. Tunaongeza sahani.

Na lile nililokuandikia ni kweli tupu. Sughra dada yangu, unayemjua wewe, aliyenuna miaka mitatu kwa sababu ya pazia, sasa anasamehe watu kama mtu anayegawa pipi. Ghulamabbas, yule wa huko kwenu Pickering, alipokuja likizo kuangalia nyumba yake hapa jirani, ile aliyotuzibia mtaro wetu, alishikwa mkono akaambiwa, "Nimekuwia radhi, mwanangu." Fundi wa umeme alikuja kubadili swichi, naye akapewa radhi. Kijana wa watu akakaa kwenye ngazi akalia. Mwanaidi anasema mama wa kijana huyo alifariki wakiwa hawasemezani.

Wewe hakutaji. Sikufichi hilo. Lakini njoo. Utapita mlangoni kama alivyopita fundi, utambusu mkono, atakuambia maneno unayoyataka. Unangoja nini? Radhi ni radhi.

Hussainali


Toronto
6 Agosti 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Poleni na msiba wa Ashura. Sisi siku zote kumi tulikuwa North York, mimi jikoni na kina mama, tunakoroga halimu ya ngano na nyama kwenye masufuria yanayoweza kumwogesha mtu. Mtihani nimefaulu. Waliniuliza mambo ya figo na ya mahakama, lile neno letu halikutokea kabisa.

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimelia, nimecheka kwa habari ya pipi, nimelia tena. Halafu nimekasirika, na hasira hiyo sijui nimpe nani.

Radhi alizopewa fundi wa umeme mimi sizitaki, Mjomba. Nitazifanyia nini? Anazitoa kwa sababu hajui anamsamehe nani wala anasamehe nini. Nikienda nikabusu mkono nikayapokea maneno yale, nitakuwa nimemwibia. Nitakuwa nimesubiri mama yangu alale ndipo nimpekue. Wakati ana akili zake na ana hasira, sikuja. Sasa hasira imeondoka, na yeye kaondoka nayo. Nimekosa kote.

Nakuomba jambo. Najua ana siku za nafuu. Siku moja akiwa sawa, mkumbushe. Mweleze yote taratibu kama unavyojua kueleza, kwamba ana binti, kwamba aliombwa asubiri mama yake atoke eda akakataa, kwamba anajuta na anaomba. Ajue kwanza, halafu achague. Akikataa nitavumilia. Akisema ndiyo, nitapanda ndege wiki hiyohiyo. Tafadhali, Mjomba. Sina mwingine wa kumtuma.

Zahraa


Tanga
5 Novemba 2023
(kwa mkono wa Ghulamabbas)

Zahraa mwanangu,

Salaam. Ghulamabbas anaondoka kesho, nampa hii ikufikie mapema kuliko posta. Sina habari za machungwa leo.

Nilikataa moyoni mwezi mzima. Kisha nikajiambia, mtoto ana haki, na mimi mwalimu, nitaeleza vizuri. Ijumaa moja baada ya alasiri alikuwa sawa kabisa. Aliniuliza habari za masikio yangu, akaliandika swali kwenye kibao ninachoandikiwa na watu, kwa mwandiko wake mzuri wa zamani. Nikasema leo ndiyo leo. Nikamweleza taratibu, na yeye ananiangalia, anatikisa kichwa. Binti yako Zahraa. Ulimwomba asubiri utoke eda. Hakusubiri. Sasa anajuta.

Akachukua kibao akaandika: "Eda ya nani?"

Zahraa, mimi nimefundisha miaka thelathini na minane. Nimewafundisha watu kwamba neno halisimami peke yake, lina mwenzake nyuma yake. Na sikuliona hilo! Nilikuwa nimeitayarisha habari yako wewe, nimeipanga vizuri, sikufikiri hata mara moja kwamba huwezi kumtajia mwanamke eda yake bila kumwambia mume wake amekufa. Kwake yeye Sikander alikuwa dukani, anarudi jioni. Nikaona uso wake unabadilika na mimi bado nimeshika kikombe cha chai. Nilijaribu kurudi nyuma, nikasema nimekosea, nimechanganya. Mama yako hadanganyiki. Aliandika mara ya pili: "Lini?" Nikashindwa kutaja mwaka.

Amelia siku tatu. Mimi sisikii, lakini Mwanaidi alinionyesha kwa mikono, na majirani walikuja. Ametoa nguo zote za rangi, amevaa nyeupe, ameingia edani. Hatoki chumbani. Mwanamume asiye ndugu yake haruhusiwi hata ukumbini. Mengine yote anasahau, chakula anasahau, hili amelishika. Kila asubuhi anaamka mjane wa jana.

Na wewe pia amekushika. Miaka miwili hakukutaja, sasa Mwanaidi anasema jina lako halimtoki mdomoni, Zahraa binti Sikander, Zahraa binti Sikander, anaolewa na mimi nimo ndani, mwambieni asije. Dawa uliyoitaka imponye ndiyo iliyomtonesha, na iliyokurudisha kwake ni hasira. Nilikuwa nakufundisha sentensi za namna hii kwa raha zangu, nikidhani ni Kiswahili tu.

Nimekosa, mwanangu. Lakini kama unataka akujue, ni sasa. Njoo wakati bado amekasirika. Sijui itadumu siku ngapi.

Hussainali


Tanga
21 Januari 2024

Mwanangu,

Salaam kwako, kwa Kimani na kwa mjukuu. Sisi tupo.

Ghulamabbas aliondoka mwezi wa kumi na moja na barua yangu. Hujajibu. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningenuna zaidi. Naandika hii kwa posta nikuambie tu kwamba mama yako bado anakutaja, lakini si kila siku. Jumanne hakukutaja kabisa.

Nakaa naye alasiri, yeye na tasbihi yake, mimi na uziwi wangu. Nadhani hajui ni mimi niliyemletea msiba, au anajua na ameninyamazia.

Kama umekasirika, kasirikia huku huku, uso kwa uso.

Hussainali


Toronto
18 Februari 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Sikununa! Wallahi sikununa. Barua ya Novemba nimeipata jana.

Ile yako ya posta ilifika wiki iliyopita, nikaisoma nikabaki nashangaa, barua gani, msiba gani? Nikampigia mke wa Ghulamabbas kule Pickering. Akasema atauliza. Ghulamabbas anasema alikumbuka kuileta, tena alikumbuka kila wiki, ila theluji, na gari bovu, na eti mtaa wetu huu, "Dixon ni mbali". Jana mkewe amefungua begi la achari la kupeleka msikitini, akaikuta chini, chupa moja imevuja. Nimeisoma ukumbini kwao, imeloa mafuta, inanuka haradali na embe. Miezi mitatu, Mjomba! Miezi mitatu mama yangu ananiita kwa jina na mimi niko hapa nanunua vyakula na kulalamika baridi.

Sikujua. Nilipokuambia umkumbushe sikufikiri habari ya Baba hata kidogo. Nilijifikiria mimi na radhi zangu. Si wewe uliyempelekea msiba, mimi ndiye niliyekutuma. Kama kuna wa kulaumiwa tugawane, na nusu kubwa nipe mimi.

Nimeomba ruhusa kazini. Kimani atabaki na Nyambura. Nafika tarehe kumi na tano mwezi wa tatu, Ramadhani itakuwa imeanza, nitafuturu kwenu. Mwambie niko njiani. Hapana, usimwambie kitu. Mwache akasirike.

Nakuja.
Zahraa


Tanga
14 Aprili 2024

Mwanangu Zahraa,

Salaam na Idd njema, natumai ulifika salama na mjukuu alikupokea vizuri. Nyumba imepwaya tangu uondoke. Mwanaidi bado anapika kipimo cha watu wanne.

Leo naandika nimefurahi, na mimi kufurahi unajua ni kwa nadra. Sikupata nafasi ya kukuambia ulipokuwa hapa, kila mara kulikuwa na mgeni, na nikianza kusema mambo haya sauti yangu inakuwa kubwa mtaa mzima unasikia. Nilikuwa napita mlangoni kwenu makusudi. Ile siku ya kwanza ilikuwa ngumu, nilimwona ameinua mkono kukufukuza, nikaondoka sikuweza kutazama. Lakini siku zile za mwisho! Wewe umekaa nyuma yake unamchana nywele, yeye anazungumza, anazungumza, mara unalia, mara mnacheka wote wawili. Na asubuhi ya safari nikamwona ameushika uso wako kwa mikono miwili anakuambia maneno, na wewe unatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Sikusikia neno. Sikuhitaji. Nilikwenda uani nikalia kama mtoto.

Jana nimepika biriani, nimeigawa msikitini kwa kushukuru. Watu wakaniuliza kuna nini, nikawaambia dada yangu na binti yake wamepatana. Zahraa, tangu Novemba nilikuwa silali. Nilikuwa najiona nimeibomoa nyumba kwa mkono wangu. Sasa najiambia, basi hata kosa langu Mungu amelifanyia kazi.

Niandikie maneno yenyewe aliyokuambia. Yote, kama yalivyo. Nataka niwe nayo.

Mjomba wako mwenye furaha,
Hussainali


Toronto
2 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nyambura anakusalimu, amejifunza kusema "shikamoo babu" yote mawili bila kukatika. Kimani amebadili zamu, sasa anashinda nyumbani mchana. Huku joto limeanza, watu wa Dixon wameshusha viti nje, wanapika nje, wanagombana nje.

Barua yako ninayo wiki nyingi. Mara mbili nimekaa kukuandikia ulichotaka kusikia. Ningeweza, Mjomba. Ungeamini, ungelala. Lakini umesema maneno kama yalivyo, na kazi yangu mimi ni kuyafikisha maneno ya watu kama yalivyo, sijui kufanya vinginevyo. Unisamehe.

Hakunijua. Si siku ya kwanza wala ya mwisho.

Siku ile niliyoingia, niliona amevaa nyeupe, amekonda, nikaanguka miguuni pake. Nikasema, "Mama, mimi Zahraa." Akaniangalia sana. Akasema, "Zahraa wangu hana mvi." Nikamshika mkono, ndipo akauinua kunifukuza, akasema watu hawana haya, wanakuja kumchezea mjane. Wewe hapo ukaondoka. Mimi nikakaa palepale sakafuni. Baada ya muda akatulia, akaniuliza kwa upole, "Na wewe umekuja kutoa pole?" Nikasema ndiyo. Akanipisha nafasi kitandani. Mjomba, nikampa mkono wa pole kwa msiba wa Baba. Baba alipofariki nilikuwa huku, nilituma fedha na ujumbe wa simu. Sikuwahi kumpa mama yangu pole ya mume wake kwa mkono mpaka siku ile, na nikampa kama mgeni.

Basi nikawa mgeni wa rambirambi. Kila siku alinipokea upya, kila siku nikatoa pole upya, nikamchana nywele. Alinieleza habari za Baba nisizozijua. Hayo ndiyo uliyoyaona tunacheka. Alinieleza habari zangu pia. Siku nyingine alikuwa na hasira, binti yake Zahraa ameolewa bila yeye, asikanyage hapa. Nikamwuliza, "Humsamehi?" Akaniambia, "Dada, wewe chana nywele." Nikachana.

Nakuja kwenye ile asubuhi ya safari. Nilimuaga. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia Kanada. Ndipo akanishika uso kwa mikono miwili, uliona. Alifurahi. Alisema, "Kanada! Basi utamwona binti yangu. Ana mchumba huko, nasikia mtu mwema. Mwambie mama yako hana kinyongo. Radhi zangu anazo, zote, duniani na akhera. Namwomba kitu kimoja tu, asubiri nitoke eda nije nimwozeshe mwenyewe. Utamwambia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Atasubiri?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Atasubiri."

Akasema, "Najua. Amelelewa vizuri." Akaniachia uso, akaokota tasbihi.

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Biriani yako haikupotea, Mjomba, watu wameshiba na wamekuombea. Ila nakuomba, akikuuliza kama binti yake amesubiri, mwambie ndiyo.

Mpwa wako,
Zahraa